Una sukari, unatakiwa upime mara ngapi?

Swali: Mi natumia vidonge vya sukari vya metformini tu, kliniki naenda kila baada ya miezi miwili. Nipime kila siku?

Jibu: Sio lazima. Metformini peke yake ni nadra sana kushusha sukari kupita kiasi, kama imetulia hata siku moja mbili kwa wiki inatosha. Ila kama unameza glibenklamide hiyo habari nyingine, inaweza kukuangusha hata kwa kuchelewa kula tu. Ukianza kutoka jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, pima hapo hapo, ukikuta chini ya 4 (namba za sukari hapa zote ni za mmol/L) kunywa soda ya kawaida nusu glasi au maji yenye sukari vijiko vya chai vitatu vinne, kaa dakika 15 pima tena.

Swali: Na wanaochoma insulini?

Jibu: Kila siku. Anayechoma mara kadhaa kwa siku apime kabla ya kila mlo na kabla ya kulala. Akiumwa malaria au homa yoyote aongeze, maana ugonjwa unapandisha sukari hata kama hujala kitu.

Swali: Stripu, vile vijiti vya kuwekea damu kwenye mashine ya kupimia, ni ghali jamani, tutafanyaje?

Jibu: Hili linaniuma kweli. Wengi wakiishiwa wanapima asubuhi tu. Mama yangu miaka na miaka alikuwa anaona 6 asubuhi anafurahi, siku tulipompima baada ya ugali wa mchana tukakuta 14, yani ndo tukajua tatizo liko wapi! Kwahiyo ukiwa na stripu nne kwa wiki usizimalize zote asubuhi. Pima kabla ya kula halafu masaa mawili toka ulipoanza kula, siku mbili tofauti, wiki hii mlo wa mchana wiki ijayo wa usiku. Kwa watu wazima wengi kabla ya kula inatakiwa 4.4 mpaka 7.2, baada ya yale masaa mawili iwe chini ya 10. Na unawe mikono kwa sabuni ukauke vizuri, ukimenya embe ukajitoboa hivyo hivyo mashine itasoma sukari ya embe.

Swali: Kile kipimo cha miezi mitatu je?

Jibu: HbA1c. Chembe nyekundu za damu zinaishi kama siku 120 na sukari inaganda humo, ndo maana kinaonyesha wastani wa miezi mitatu hivi, huwezi kukidanganya kwa kujinyima siku mbili kabla ya kliniki. Mara 2 kwa mwaka kama uko vizuri, kila miezi 3 kama haijatulia au umebadilishiwa dawa. Wengi wanalenga chini ya asilimia 7. Kama una sikoseli au umeongezewa damu karibuni mwambie daktari, majibu yanaweza kutoka sio.

Swali: Ramadhani nikijitoboa swaumu inabatilika?

Jibu: Haibatiliki, pima bila wasiwasi, hasa mchana na alasiri. Ukikuta chini ya 3.9 au juu ya 16.6 fungua hapo hapo, hata kama zimebaki dakika kumi tu magharibi iingie.