Kijana wa miaka 18 si kiraka: ubishi wa mashabiki kuhusu drafti ya AFL

Fainali kuu ya AFL, ligi kuu ya Australia ya mpira unaopigwa kwa mguu na kudakwa kwa mikono, ikishachezwa mwishoni mwa Septemba, mashabiki jijini Melbourne huhamia kwenye ubishi mwingine ambao hudumu hadi Novemba inapokaribia kwisha: katika drafti, yaani zamu za klabu kuchagua vijana wapya, klabu yetu imchukue kijana yupi? Mmoja anataka beki mrefu kwa sababu beki aliyepo anazeeka. Mwingine anataka kiungo mwenye mbio kwa sababu msimu uliopita viungo wetu waliachwa. Wa tatu ameona video ya dakika tatu ya mvulana kutoka Gippsland anayedaka mipira juu ya mabega ya wenzake, na hataki kusikia jina lingine.

Kazi yangu ni kuwatathmini vijana hawa. Nawatazama uwanjani majira yote ya baridi, narudia mechi zao kwenye video, naandika ripoti. Naupenda ubishi wa mashabiki kwa sababu wengi wao wanajua mengi na wanaumia kweli kwa ajili ya klabu zao. Ila kuna kosa moja linalojirudia kila mwaka: wanamchagua kijana ili azibe pengo la msimu ujao. Sikubaliani nalo hata kidogo, na sababu zangu ni hizi.

Msomaji aliyezoea dirisha la usajili la Simba na Yanga itabidi kwanza aweke pembeni habari ya fedha. Katika AFL kijana hanunuliwi. Klabu 18 zinapanga foleni: iliyoshika mkia inachagua kwanza, bingwa anachagua mwisho, kisha mzunguko unaanza tena. Klabu zinaweza kubadilishana nafasi zao kwenye foleni, hivyo usiku wenyewe mpangilio huwa umevurugika sana, lakini msingi ndio huo. Utaratibu ulianza mwaka 1986, ligi ikiwa bado inaitwa VFL, kwa jina la jimbo la Victoria lenye jiji la Melbourne, ili vipaji visirundikane kwa wachache. Anayeingia lazima awe ametimiza au atatimiza miaka 18 ifikapo tarehe 31 Desemba ya mwaka huo. Na hana sauti ya kusema anataka kwenda wapi. Ametoka Geelong, ameitwa na klabu ya Perth, anafungasha na kuhamia upande wa pili wa bara.

Sasa turudi kwenye pengo. Mtazame Aliir Aliir. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, wazazi wake wakiwa wametoka Sudan Kusini. Alifika Australia akiwa mtoto na akaanza mchezo huu akiwa amechelewa kuliko wenzake. Katika drafti ya 2013 klabu ya Sydney ilimchukua kwa chaguo namba 44. Misimu miwili mizima ikapita bila mechi hata moja ya ligi kuu. Ya kwanza aliicheza 2016. Mwisho wa 2020 akahamia Port Adelaide, na mwaka 2021 akatajwa kwenye kikosi bora cha Australia nzima, beki wa kuogopwa, mtu anayesoma mpira ukiwa bado uko kwenye mguu wa mpigaji. Hesabu mwenyewe. Kutoka siku alipochaguliwa hadi msimu wake bora ni miaka minane, na msimu huo aliucheza akiwa amevaa jezi ya klabu nyingine. Pengo lolote ambalo Sydney walikuwa nalo 2013, Aliir asingeliziba. Waliona mwili na akili vitakavyokuwa, wakasubiri.

Wachezaji warefu ndio wanaochelewa zaidi. Beki wa kati au mshambuliaji wa sentimita 195 akiwa na miaka 18 bado ni mwembamba. Anasukumwa na wanaume wa miaka 28 ambao kazi yao ni kunyanyua vyuma. Anahitaji misimu mitatu, minne, wakati mwingine mitano. Kufikia hapo yule beki mzee mliyekuwa na wasiwasi naye keshastaafu, nafasi yake imeshachukuliwa na mtu aliyetoka klabu nyingine, na kocha mwenyewe huenda keshafukuzwa. Pengo la leo linazibwa kwa mchezaji aliyekomaa, kwa njia ya uhamisho. Drafti ni ya kumpata mtu bora kuliko wote waliobaki kwenye orodha zamu yako ikifika, awe beki, awe kiungo, awe mshambuliaji.

Kuna wakati ninakubali pengo liamue: vijana wawili wakiwa sawa kabisa machoni pako. Hilo hutokea mara chache.

Drafti inayobishaniwa mpaka leo kuliko zote ni ya 2001. Hawthorn walikuwa na chaguo la kwanza wakamchukua Luke Hodge. St Kilda wakamchukua Luke Ball. West Coast, wa tatu, wakampata Chris Judd. Judd alipotwaa medali ya Brownlow mwaka 2004, ile anayopewa mchezaji bora wa msimu, na akaongoza West Coast kutwaa ubingwa 2006, mashabiki wa Hawthorn walisagwa bila huruma. Kisha Hodge akatwaa ubingwa mara nne, 2008 na mitatu mfululizo kuanzia 2013, na katika fainali mbili kati ya hizo akawa mchezaji bora wa uwanja. Nani alikosea? Mimi nasema hakuna. Klabu zote mbili zilichagua mtu, zikamlea, zikapata makombe. Kilichonivutia zaidi katika mwaka ule kiko chini ya orodha. Gary Ablett, mtoto wa Gary Ablett yule mkubwa, nyota wa zamani wa Geelong, alikwenda Geelong kwa chaguo namba 40 chini ya kanuni ya baba na mwana, ambayo nitaieleza mbele. Dane Swan alikwenda Collingwood kwa chaguo namba 58. Ablett ana Brownlow mbili, Swan anayo moja. Miaka kumi baadaye namba 58 hiyo hiyo ikampeleka Lachie Neale Fremantle, kijana mfupi ambaye wengi walimpita, na yeye akaja kutwaa Brownlow mbili akiwa Brisbane.

Kwa hiyo wasaka vipaji tunakosea nini? Mara nyingi tunapima kinachopimika. Oktoba vijana hukusanywa kwa majaribio: mbio za mita 20, kuruka juu, wepesi wa kugeuka, mbio za kilomita 2. Matokeo yanatangazwa, na usiku huo huo kijana aliyekuwa wa 30 kwenye orodha za mashabiki anapanda hadi wa 12 kwa sababu amekimbia vizuri kwenye sakafu ya ndani, bila mpira, bila mtu wa kumkaba. Mbio ni nzuri, ila naziweka mwisho. Kwanza natazama nusu sekunde kabla ya mpira kumfikia: je, ameshageuza kichwa kuona nani yuko wapi? Kisha natazama anachofanya akishaupoteza mpira. Kuna wanaosimama wakinyosha mikono kulalamika, na kuna wanaofukuza. Natazama mguu dhaifu, kwa sababu ligi kuu itamlazimisha autumie ndani ya wiki ya kwanza. Halafu namtazama robo ya nne, timu yake ikiwa imeshafungwa pointi 50, hakuna tena cha kugombania. Hapo ndipo ninapoandika mistari mingi zaidi kwenye daftari.

Kuna jambo jingine ambalo nawasihi mashabiki walitazame: mwezi wa kuzaliwa. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka huo huo wako drafti moja. Katika umri wa miaka 17, miezi kumi na moja ni kilo kadhaa za misuli. Yule wa Januari anawapita wenzake kwa nguvu tu, anakusanya mipira 30 kwa mechi, na jina lake linakuwa juu. Yule wa Desemba anakusanya 16, lakini ukimtazama kwa makini anafanya uamuzi sahihi karibu kila mara. Mimi nampa wa Desemba nafasi kubwa kuliko takwimu zake zinavyosema. Mwaka 2020, korona ilipofuta msimu mzima wa ligi ya vijana wa Victoria, klabu zililazimika kuchagua kwa kutazama video za mwaka uliotangulia, yaani vijana wakiwa na miaka 16 na 17. Mwaka mmoja wa mwili wa kijana ulikosekana kwenye ushahidi, na kila msaka vipaji aliusikia upungufu huo.

Halafu linakuja suala la damu na vituo vya vijana, ambalo linawachanganya hata wenyeji. Baba akiwa amecheza mechi 100 au zaidi katika klabu, klabu hiyo ina haki ya kwanza kwa mwanawe. Lakini haimpati bure. Klabu nyingine ikimtaja kwenye zamu yake, klabu ya baba inapaswa kulipa thamani ya nafasi hiyo kwa pointi. Chaguo la kwanza lina pointi 3,000, la nne lilikuwa na 2,034, na zinashuka hivyo hadi chini. Mwaka 2021 Gold Coast walimtaja Nick Daicos kwenye nafasi ya nne. Collingwood, klabu ambayo baba yake Peter alicheza mechi 250, wakalipa kwa kurundika machaguo ya nyuma kabisa, tena kwa punguzo la asilimia 20 lililoruhusiwa wakati ule, wakampata. Miaka miwili baadaye walikuwa mabingwa na yeye ndani ya kikosi. Brisbane walifanya hivyo kwa Will Ashcroft mwaka 2022, mtoto wa Marcus, na Will akawa mchezaji bora wa fainali kuu mwaka 2024 na tena 2025.

Mashabiki wa klabu nyingine wanakasirika, na hapa niko upande wao. Nani hapendi kumwona mtoto akivaa jezi ya baba? Lakini bei inapaswa kuwa ya haki, hasa ukilinganisha na watoto ambao baba zao hawakuwahi hata kuusikia mchezo huu. Mac Andrew alizaliwa Misri, familia yake ya Sudan Kusini, akalelewa katika kituo cha vijana cha klabu ya Melbourne. Mwaka ule ule wa Daicos, kanuni haikuruhusu klabu kumlinda, yaani kumpata kwa kulipa pointi, kijana wa kituo cha namna hiyo ndani ya machaguo 20 ya mwanzo. Gold Coast wakamchukua wa tano. Usiku mmoja, nafasi zinazofuatana: mwana wa nyota alibaki nyumbani, na mwana wa wakimbizi alipelekwa Queensland. Amefanikiwa huko, na nafurahi kwa ajili yake. Kanuni yenyewe haikuwa ya haki.

Wazazi wa Kikongo na wa Sudan Kusini ninaokutana nao viwanjani magharibi mwa Melbourne huniuliza jambo hilo kabla ya yote: nani anaamua mwanangu aende wapi? Nikiwajibu kwamba ni klabu, na kwamba inaweza kuwa Perth, wananyamaza kidogo, kisha wananiuliza nani atampikia. Si swali dogo. Klabu nzima zimewahi kuyumba kwa sababu ya vijana kutaka kurudi kwao. Mwisho wa 2013 Brisbane walipoteza vijana watano kwa mkupuo, miongoni mwao Sam Docherty na Elliot Yeo, wote wakitaka kurudi karibu na nyumbani. Jason Horne-Francis, chaguo la kwanza la 2021, alicheza msimu mmoja tu North Melbourne kisha akarudi Australia Kusini kuchezea Port Adelaide. Shabiki anayesema "chukua bora tu, mengine yatajipa" anapaswa kuuliza pia klabu yake ina watu gani wa kumpokea mtoto anayehama nyumbani kwa mara ya kwanza maishani.

Na ni watoto kweli. Jack Watts, chaguo la kwanza la Melbourne mwaka 2008, alichezeshwa mechi yake ya kwanza dhidi ya Collingwood mwaka 2009 akiwa bado anasoma shule ya sekondari, mbele ya umati mkubwa, mabeki wazima wakimwangukia toka dakika ya kwanza. Alizongwa na lawama kwa miaka, eti kwa sababu Nic Naitanui, aliyekuja kuwa nyota wa West Coast, alichaguliwa nyuma yake. Richard Tambling alibebeshwa mzigo kama huo: Richmond walimchagua wa nne mwaka 2004, Hawthorn wakampata Lance Franklin wa tano, na Franklin akaja kufunga magoli zaidi ya 1,000. Tambling alicheza zaidi ya mechi 100 za ligi kuu, kitu ambacho vijana wengi waliochaguliwa hawakifikii. Hakujichagua mwenyewe.

Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya mitihani ya mwisho ya sekondari Victoria. Vijana hawa wanafanya mitihani huku watu wazima wakiandika kwamba mmoja ni mlaini na mwingine hana moyo. Wanasoma yote. Bishana kuhusu mguu wake wa kushoto, mbio zake, namna anavyojipanga. Hayo anaweza kuyafanyia kazi. Moyo wake huujui.

Klabu mpya ya Tasmania inatarajiwa kuingia ligini mwaka 2028, na tayari ubishi umeanza kisiwani: wajaze kikosi kwa vijana wa kwao, au wachukue bora kutoka popote? Ningekuwa mezani pao ningechukua bora kutoka popote, mrefu na mfupi, wa Januari na wa Desemba. Kisha, kabla ya kununua mashine za mazoezi, ningetafuta nyumba zenye familia za Hobart zilizo tayari kuishi nao.