Filamu huru ni nini hasa? Sio muvi ya bure, sio muvi mbovu

Huku Arusha ukimwambia mtu unafanya filamu huru anaelewa moja kati ya mawili, muvi ya bure au muvi iliyokosa hela. Sio hivyo jamani. Huru hapo ni huru na bosi, yaani hakuna kampuni kubwa iliyoweka mzigo halafu ikawa na neno la mwisho nani acheze, iishie vipi, kipi kikatwe. Bajeti ndogo ni kawaida yake ila sio ndo maana yake, ukiwa na mamilioni yako mwenyewe bado we ni huru tu.

Sasa kwa vile hamna aliyekutuma, hamna pia wa kukufungulia geti, kila mtu anaingilia dirisha lake. Machalii wangu huwa nawapa mfano wa Robert Rodriguez wa Texas. Jamaa hela hana, akajipeleka maabara kujaribiwa dawa ya kolestro, akakaa ndani kama mwezi hivi analipwa, skripti akaiandikia humohumo. Akaenda kushuti muvi yake El Mariachi huko Mexico kwa dola kama 7,000, timu hana, kamera inapiga kelele kwahiyo waigizaji wanarudia maneno pembeni ya rekoda, na badala ya reli za kamera anakaa kwenye kiti cha magurudumu anasukumwa. Alitaka tu kuiuza soko la video za Kispanyola apate uzoefu, Columbia Pictures, studio kubwa ya Hollywood, wakaidaka, 1993 ikabeba tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la filamu huru la Sundance huko Marekani. (Ila studio iliongeza hela nyingi kusafisha picha na sauti kabla haijaenda kumbini, hapo watu huwa wanaparuka.)

Mi dirisha langu lilikuwa harusi na vipaimara huko Ngarenaro, ukizoea zile taa za kijani za ukumbini na MC asiyesubiri mtu, hamna lokesheni itakutisha. Ile ya kiti nikaijaribu na guta pale Kilombero, picha ikaruka balaa, mpaka tulipotoa upepo kidogo kwenye matairi ndo ikatulia.

Ila huru sio huru na kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza namba 4 ya 1976 ipo na Bodi ya Filamu inataka kibali kabla hujashuti. Nenda katege kamera Mnara wa Saa bila karatasi uone, huo uhuru utamwelezea mgambo.