Kadenasi yako umeifunga kwenye nini?

Wiki iliyopita kijana mmoja motari, dereva wa pikipiki ya abiria, aliingia garajini kwangu hapa Ndosho, Goma, akaweka kadenasi mpya, yaani kufuli la pikipiki yake, juu ya meza kama mtu anayeweka samaki mkubwa. "Papa fundi, hii njo kadenasi ya nguvu. Ni ya Ulaya."

Nikachukua tupa, nikaipitisha mara mbili kwenye shingo ya ile kadenasi. Tupa ikauma. Unga wa chuma ukadondoka mezani, na chini ya ile rangi ya kung'aa kukatokea chuma laini kama cha msumari. Kijana akanyamaza. Nikamletea kadenasi yangu ya zamani, chakavu, rangi imeisha. Tupa iliteleza juu yake kama inapita kwenye kioo.

Kipimo hicho hakina gharama. Chuma kilichokazwa kwa moto hakiliwi na tupa ya kawaida. Muuzaji akikukatalia kujaribu, hata pale pembeni pasipoonekana, rudisha pesa yako mfukoni.

Lakini kilichonisumbua zaidi ni jibu lake nilipomuuliza anaifungia wapi. "Kwenye rimu ya mbele, papa, na ule uzio wetu." Uzio wao ni wa mbao.

Najua habari ya uzio wa mbao. Nilipokuwa napanga mtaa wa Majengo, nilikuwa na mnyororo mzuri kuliko nyumba niliyolala. Pikipiki niliifunga kwenye nguzo ya uzio, nikalala fofofo. Asubuhi nikakuta nguzo imekatwa kwa msumeno, imenyooka vizuri, unga wa mbao umetulia juu ya mawe meusi. Pikipiki, mnyororo, kadenasi, vyote vimekwenda pamoja. Walikuwa na muda wao wa kuvifungua huko walikokwenda.

Ndiyo maana mteja akija na pesa kidogo, namwambia aanze na pale atakapofungia. Mnyororo unafuata, kadenasi inafuata. Pikipiki ya biashara hapa mjini ina uzito wa kilo 110 au 120 hivi. Wanaume wawili wanaibeba kama jeneza, wa tatu anafungua mlango wa gari. Kufuli la usukani haliwasumbui, na mtu mwenye mikono mizito analivunja kwa kuusukuma usukani kwa nguvu. Kontakti nayo, pale pa kuwashia kwa ufunguo, kwenye pikipiki nyingi ndogo, usiihesabu kama ulinzi. Kisichoshikwa na ardhi kinabebwa.

Na ardhi ya Goma ni somo lake lenyewe. Lava ya volkano ya Nyiragongo, Januari 2002, ilipita katikati ya mji, na watu wakajenga juu yake. Ukichimba shimo kwenye parseli yako, kiwanja chako, utakutana na moja kati ya vitu viwili: mwamba mzima unaolia ukiupiga nyundo, au mawe yenye matundu yaliyolala ovyo, yanayong'oka kwa mtaimbo. Mwamba mzima ni zawadi: toboa, safisha vumbi lote ndani ya tundu, zamisha chuma kwa saruji nzito. Mawe ya kulala usiyaamini hata kama ni makubwa. Toa mawe hayo, chimba shimo la upana wa sentimita 40 na kina cha 50, mwaga zege.

Ndani ya zege wengi huweka chuma cha ujenzi cha milimita 12 kilichokunjwa. Ni kosa, kwa sababu koleo kubwa la kukatia vyuma linakimaliza. Mimi natafuta kwenye vyuma chakavu vya malori: ile U nene inayoshikilia resoti, yaani springi, kwenye ekseli. Ni chuma kigumu, na miguu yake ina nyuzi za nati. Nafunga kipande cha bamba chini kwa nati zake, nazamisha vyote, naacha juu upinde tu wa kupitisha mnyororo. Usiichomelee. Joto la kuchomelea linalainisha ule ugumu uliouendea mpaka huko kwenye chakavu.

Sasa mnyororo. Ule unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, wa kung'aa, umetengenezwa kwa kufunga mizigo na mbuzi. Mlaini. Koleo lenye mikono ya sentimita 90 linaukata mtu akiwa amesimama, akizungumza. Mnyororo wa ulinzi una pete zilizokazwa kwa moto, na kwa kulaza pikipiki nyumbani mimi napenda unene wa milimita 16, kwa kuwa hapo makoleo ya mkono yanashindwa. Ubaya wake ni uzito: mita moja inakaribia kilo tano. Usijidanganye kwamba utazunguka nao mjini. Huo unakaa nyumbani, umelala kwenye upinde wake, unakungoja jioni kama mbwa.

Ukipata wa mtumba kutoka Ulaya, geuza uangalie alama ya waliopima ugumu wake. Waholanzi wana ART, yenye nyota moja hadi tano, na kwa pikipiki tafuta nne. Wafaransa wana SRA. Waingereza wana Sold Secure, iliyoanzishwa mwaka 1992, yenye madaraja kama shaba, fedha, dhahabu na almasi. Alama inaweza kughushiwa, kwa hiyo tupa kwanza, alama baadaye.

Namna ya kuufunga ni nusu ya kazi. Usiupitishe kwenye spoki peke yake. Gurudumu la mbele linashikwa na ekseli moja na nati yake, wanakuachia gurudumu likiwa limefungwa salama salimini. Pitisha kwenye shasi, au nyuma katikati ya gurudumu na ule mkono unaolishika. Kisha ukaze mpaka usiguse chini. Mnyororo uliolala sakafuni unampa mwizi fuawe: anaupiga nyundo nzito juu ya jiwe, au anakanyaga mkono mmoja wa koleo na kuuangushia mwingine mwili wote. Ukining'inia juu, hana pa kuegemea. Kadenasi nayo iwe ile yenye mabega yanayoificha shingo yake, ili meno ya koleo yasipate nafasi.

Grinda? Ndiyo, inakata kila kitu, na siku hizi zipo za betri, hazingoji umeme. Lakini inapiga kelele na kurusha cheche, na chuma kinene kinaifanya ipige kelele muda mrefu. Mlinzi wa zamu anayelala usingizi mwepesi, au jirani mwenye kifua cha kukohoa usiku, anakuwa sehemu ya mfumo wako.

Kuna kifaa kinachosifiwa sana mtandaoni: kufuli dogo la kubana diski ya breki. Zuri, jepesi, linaingia mfukoni. Sasa toka nje uangalie gurudumu la mbele la pikipiki yako. Wengi wetu tunaendesha pikipiki zenye breki za ngoma mbele na nyuma. Diski ya kubana haipo. Nimeshaletewa kufuli hizo mara tatu na watu wanaoniuliza zinaingia wapi.

Vifaa vya GPS, vya kufuatilia pikipiki ilipo, vina kazi yake, lakini vinakusaidia baada ya kuibiwa. Tena vinakunywa betri. Betri ya pikipiki ndogo mara nyingi ni ya volti 12 na ampea-saa (Ah) 5 au chini ya hapo. Kifaa kikinywa miliampea 20 mchana na usiku, betri ya Ah 5 inakauka kwa saa 250, siku kumi na kidogo. Ukipanda boti kwenda Bukavu kwa wiki mbili, utarudi kwenye pikipiki isiyo na moto na GPS iliyokufa. Walio karibu na mpaka wanajua pia jinsi simu zinavyokamata mtandao wa Rwanda zenyewe. Kadi ya SIM ndani ya kifaa inafanya hivyo hivyo, inakula salio au inanyamaza.

Mchana, ukisimama dakika tano soko la Virunga, funga usukani, funga bomba la petroli, pitisha kebo shasini na kwenye kitu kisichobebeka, kaa unapoiona. Petroli iliyobaki kwenye kabureta inampeleka mwizi umbali mfupi tu, kisha anaanza kusukuma mbele za watu.

Jambo dogo la mwisho kuhusu vumbi letu jeusi: linaingia kwenye tundu la ufunguo na kusaga. Ukitia oili ya injini unatengeneza matope. Saga ule wino mgumu mweusi wa ndani ya penseli (grafiti), pulizia ndani, zungusha ufunguo mara kadhaa. Mvua za huku, na moshi wa Nyiragongo ndani yake, zinaleta kutu haraka, kwa hiyo funika kadenasi kwa kipande cha tyubu ya zamani.

Yule kijana alirudi Jumamosi na mfuko wa saruji. Tulimwaga zege parselini kwao, nikamwambia asiguse siku saba. "Na siku hizo saba, papa?" Nikamwambia ailaze sebuleni. Mama yake, aliyekuwa mlangoni, aliniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau, kisha akaenda kukunja mkeka.