Kava la meni swichi likigoma kukaa, usilibane

Nimeambiwa tena wiki hii, safari hii Sinza, na kabla ya hapo nimeambiwa Tabata, Mbagala, Mbezi, kote maneno ni yale yale: "Fundi, si kava tu hilo, tafuta skrubu ndefu ulibane." Yani watu wanaamini kabisa kwamba kava la DB, yani boksi la meni swichi na breka, ni pambo, limewekwa ili wageni wasione nyaya, kwa hiyo likiachia upande mmoja dawa yake ni nguvu. Jamani, sio hivyo. Lile kava lilipotoka dukani lilikuwa linakaa vizuri kwenye boksi lake. Kama leo halikai, kuna kitu nyuma yake kinalisukuma au kuna kitu kimehama, na hicho kitu ndo kazi yenyewe uliyoniitia hata kama hukujua.

Kazi ya kava kwanza kabisa ni kuzuia kidole. Ile alama ya IP2X maana yake uwazi wowote usipitishe kitu chenye unene wa mm 12.5, na kwa upande wa juu wa boksi kanuni za Uingereza ambazo wengi wetu tumezisomea zinabana zaidi, zinataka mm 1 tu, kwa sababu vitu huanguka kutoka juu. Sasa sisi huku Dar cha kuanguka tunacho, tena kinatembea chenyewe. Mjusi kafiri anapenda joto la DB, anaingia kwa tundu la juu ambalo fundi alilitoboa kupitisha paipu akaliacha wazi, na ukifungua unamkuta amekauka, mkia kwenye basiba (kile chuma cha shaba kinachogawa umeme kwa breka) na kichwa kwenye chuma cha boksi. Halafu mwenye nyumba anakwambia umeme ulikatika usiku na hajui kwa nini.

Kabla sijaendelea, hili la kuzima. Ukizima swichi kuu ndani ya DB, umezima kinachotoka, hujazima kinachoingia. Ule waya unaotoka kwenye meta ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) kuja juu ya swichi kuu bado una volti 230, na nyumba nyingi za hapa hakuna swichi nyingine kati ya meta na DB, kwa hiyo pale juu panabaki na moto muda wote. Na kuna wale wajanja wanasubiri units ziishe ndo wafungue, hawa wananitia hofu kuliko wote, kwa sababu meta iko nje au juu ya nguzo na kuna mtoto sebuleni na simu ya mama yake, akinunua token akaiingiza wewe mkono uko ndani. Kuishiwa LUKU sio kuzima umeme. Kama waya unaoingia wenyewe una shida, hiyo ni kazi ya kuwaita TANESCO wakate kwao, na sili ya meta usiiguse.

Pia usiamini rangi. Nyumba za zamani laivu (waya wenye moto) ni nyekundu na nyutro nyeusi, za sasa laivu ni kahawia na nyutro bluu, na ukikuta nyumba imeongezwa chumba juu ya chumba utakuta rangi zote nne kwenye boksi moja, na kwenye mfumo mpya wa fezi tatu waya mweusi ni laivu. Pima. Kifaa kijaribu kwanza sehemu unayojua ina umeme, kisha pima unapotaka kushika, kisha rudi ukijaribu tena pale pa mwanzo, maana kinaweza kufa katikati ya kazi. Ile testa ya bisibisi yenye taa ndogo ndani inakudanganya ukiwa umesimama kwenye stuli ya plastiki au jua likiwa kali, taa inawaka kidogo huioni, unasema hamna. Ninayo mfukoni kama kila fundi, ila uhai wangu siuwekei dhamana kwake.

Sasa skrubu, na hapa naomba tuelewane vizuri.

Kava la DB hufungwa na skrubu fupi, butu mwishoni, zenye nati au uzi wake maalum kwenye boksi. Zikipotea, na huwa zinapotea siku ya kupaka rangi, mtu anaingia kwenye kopo la skrubu za jipsam, zile nyeusi ndefu zenye ncha, anachagua mbili anazungusha mpaka kava linalia. Kule nyuma ya tundu la skrubu ndo pembe ya boksi, na pembe ya boksi ndo nyaya zinapopinda. Tabata nilifungua kava la hivyo, skrubu ilikuwa imeingia kwenye waya wa jiko, imechana plastiki kama sentimita moja hivi, na shaba inang'aa. Dada wa kazi alikuwa anasema kila akifuta vumbi pale "kinanichonyota". Wakamwambia ni mikono yake ina maji.

Mtu ataniuliza, mbona sakiti breka haikuruka? Kwa sababu breka inataka mkondo mkubwa upite ndo iruke, na huo mkondo unahitaji njia ya kurudi, yani ethi, waya wa kwenda ardhini. Lile kava lilikuwa la chuma lililopakwa rangi, rangi haipitishi umeme, na waya wa ethi wa kwenda kwenye kava hakuna aliyeufunga. Kwa hiyo chuma chote kilikaa na moto kimya kimya kikisubiri mtu wa kuwa njia. Na skrubu hiyo hiyo ingechana nyutro ungeona kitu kingine kabisa: kama kava lina ethi na kuna RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya mA 30, inaanza kuruka ovyo, leo pasi, kesho friji, mafundi wanabadilisha RCD wanabadilisha friji, wakati kosa ni skrubu ya kava. Ndo maana nikiona skrubu ya jipsam kwenye DB sicheki nayo, natoa kwanza hiyo, taratibu, umeme ukiwa umezimwa, kabla ya kuuliza lolote.

Haya, kwa nini kava linagoma? Mara nyingi ni breka haijaingia kwenye reli, kile chuma breka zinapokalia, kale kandoano ka nyuma hakajashika, basi pua ya breka imetokeza milimita chache na tundu la kava haliipati. Au wamechanganya kampuni. Kariakoo utaambiwa "zinaingiliana zote hizi", na kweli zote zinakaa kwenye reli ya mm 35, upana ni ule ule karibu mm 18, lakini kimo cha pua na mahali mdomo wa terminali ulipo vinatofautiana, kwa hiyo basiba inashika kwa shida na kava linakaa upande. Vitabu vinasema usichanganye, basi. Mi nakubaliana navyo, ila nikifika kwenye DB ya miaka mingi ambayo breka zake hazipatikani tena mjini, na mwenye nyumba hana hela ya DB mpya, inaniuma kichwa kuamua. Mara nyingi nasema badilisha boksi zima, na mara nyingi napoteza kazi hiyo.

Sababu nyingine ni nyaya zimejazwa tu humo ndani, zinasukuma kava kama godoro. Hizo zinapangwa upya pembeni, hazibanwi. Au boksi limezama ukutani, plasta na tailizi zimelipita, kava linagusa ukuta kabla halijagusa boksi, hapo unachonga plasta. Na kama uzi wa skrubu umekufa, usitoboe na drili boksi likiwa na moto, chenga za chuma zinaangukia basiba. Nyumba za karibu na bahari, Kigamboni huko na Mbezi Beach, chumvi inakula skrubu mpaka kichwa kinabaki mkononi.

Tundu la breka lililo wazi linazibwa na blanki, kile kifuniko chake cha plastiki. Boksi la sigara hapana, tepu nyeusi hapana, gundi yake kwa joto letu inayeyuka tepu inaanguka.

Ukitoa kava, skrubu za chini zianze, za juu mwisho, mtu mwingine akishika, na livute moja kwa moja kuja kwako bila kulipinda, maana ukingo wa chuma ukigusa pale juu ya swichi kuu utaona mwanga ambao hutausahau. Na hapa nina wasiwasi wangu wa kweli: sijui kama ninafanya vyema kuandika haya, kuna mtu atasoma achukue bisibisi. Kama huna leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), ishia kwenye kuangalia na kunusa kava likiwa limefungwa. Harufu ya plastiki iliyoungua, kava lenye joto, mlio wa ziii, zima uite fundi.

Kwa fundi mwenzangu: kaza terminali kabla ya kufunga. Kitabu kinataka bisibisi ya kupimia nguvu, na wachache sana mtaani tunayo, tunakaza kwa mkono tulivyozoea, na siamini kwamba mkono wangu wa asubuhi na wa jioni unakaza sawa. Waya uliolegea unachemka, uliokazwa kupita kiasi unakatika nyuzi. Kisha weka kava kwa kiganja tu bila skrubu yoyote. Likikaa bapa pande zote, funga kwa mshazari, skrubu zake halisi. Likiinuka kona moja, toa tena utafute. Washa swichi kuu breka zote zikiwa chini, pandisha moja moja, bonyeza kitufe cha TEST cha RCD, na kama haijaruka usiondoke.