KPM: kampuni ya meli iliyomng'oa Mackinnon Indonesia

Msomaji wa historia ya pwani yetu anamjua William Mackinnon. Ni yule Mskoti wa kampuni ya meli ya British India, ambayo meli zake zilianza kuleta barua Zanzibar mwaka 1872, na ndiye aliyeunda kampuni iliyopewa hati ya kifalme Septemba 1888 kutawala sehemu kubwa ya Kenya ya leo. Kisichosimuliwa sana ni kwamba mwezi huohuo, kule Amsterdam, ilizaliwa kampuni ya kumtoa Mackinnon huyohuyo katika bahari nyingine: Koninklijke Paketvaart Maatschappij, au KPM. Kati ya kampuni zote za meli nilizozitafiti, hii ndiyo inayonionyesha wazi zaidi jinsi mkataba wa kubeba barua ulivyoweza kujenga himaya.

Tangu miaka ya 1860, barua na askari wa Kiholanzi katika visiwa vya Indonesia walibebwa na kampuni yenye jina la Kiholanzi, lakini nyuma yake alikuwepo Mackinnon na mtaji wa Waingereza. Meli zikiharibika, zilipelekwa Singapore. Mizigo ya Makassar, Borneo na Sumatra nayo iliteremshwa Singapore, bandari huria ya Waingereza, ikapakiwa upya kwenda Ulaya. Uholanzi ilikuwa na koloni, lakini faida ya uchukuzi ikaliwa na jirani. Zabuni mpya ilipotangazwa, kampuni mbili za njia ya Ulaya, Stoomvaart Maatschappij Nederland na Rotterdamsche Lloyd, zilisimama nyuma ya KPM, nayo ikaupata mkataba. Kazi ilianza tarehe 1 Januari 1891.

Siri ya nguvu yake ilikuwa ruzuku. Serikali ilipanga njia na kulipa kwa kila maili, hata kule ambako mbata na pilipili manga hazikutosha kulipia makaa ya mawe. Kwa hiyo KPM ilifika visiwa ambavyo mfanyabiashara wa kawaida asingethubutu, na mzigo wa kisiwa kidogo ukaweza kwenda Amsterdam kupitia Java bila kugusa Singapore. Lakini meli hizohizo zilibeba bunduki. Mwaka 1894 Waholanzi walipokivamia kisiwa cha Lombok, KPM ndiyo iliyosaidia kupeleka jeshi. Sioni namna ya kuisifu ratiba yake bila kulitaja hilo.

Bali inaonyesha vizuri maisha ya njia hizi. Huko Buleleng, pwani ya kaskazini, meli ilitia nanga mbali kidogo, na mashua zikasogea ubavuni. Nguruwe walipakiwa wakiwa ndani ya matenga ya mianzi, kiasi kwamba wasafiri waliipa huduma hiyo jina la Babi Express, "babi" ikiwa ni nguruwe kwa Kimalay. Watalii wa Ulaya walishuka kwenye meli hizohizo, na mwaka 1928 KPM ikawafungulia Bali Hotel mjini Denpasar.

Msiba unaokumbukwa zaidi ni wa meli Van der Wijck, iliyozama Oktoba 1936 nje ya pwani ya Lamongan, Java. Wavuvi wa Brondong waliingia baharini na kuwaokoa watu wengi. Mnara wa kuwashukuru ungali bandarini hapo.

Uhuru wa Indonesia haukuiondoa KPM mara moja. Hata katikati ya miaka ya 1950 ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya mizigo ya visiwani, na Waindonesia wengi walichukizwa kuona mawasiliano ya nchi yao yakiwa mikononi mwa mkoloni wa jana. Mwishoni mwa Novemba 1957, Umoja wa Mataifa ulishindwa kupitisha azimio juu ya Papua Magharibi, ambayo Uholanzi ilikataa kuiachia. Tarehe 3 Desemba wafanyakazi wakaitwaa ofisi ya KPM Jakarta. Kampuni iliamuru meli zilizokuwa baharini ziondoke, na zilizobaki zikashikwa. Visiwa vya mbali vikakosa bidhaa. Meli zilizoshikwa ziliachiwa mwaka 1958, baada ya kampuni za bima za London kubana, na KPM ikaendelea na biashara nje ya Indonesia hadi ilipounganishwa na Royal Interocean Lines katika miaka ya 1960. Njia za visiwani zikabaki kwa Pelni, shirika la taifa lililoundwa mwaka 1952, ambalo hadi leo linabeba abiria kati ya visiwa hivyo.