Je, wajua kwa nini nchi ya chama kimoja iliwapa wapiga kura jembe na nyumba?

Ukimuuliza mzee wa Ng'ambo au Kiloleni, hapa Tabora, alivyopiga kura enzi za TANU, huenda asikutajie chama chochote, kwa kuwa chama kilikuwa kimoja tu. Atakuambia kwamba alipigia jembe, au alipigia nyumba. Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 1992 ana haki ya kushangaa: ikiwa mshindi alijulikana kuwa ni TANU kabla sanduku halijafunguliwa, uchaguzi ulikuwa wa nini?

Jibu linaanzia katika ushindi wa TANU wenyewe. Mwezi Januari 1958 chama hicho kilifanya mkutano wake mkuu hapa Tabora, kikakubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na ulimruhusu kupiga kura mtu mwenye kisomo cha darasa la nane, au kipato cha shilingi 3,000 kwa mwaka, au cheo kilichotambuliwa. Wajumbe wengi walitaka kuususia. Mwalimu Nyerere akawashawishi, na tukio hilo likaitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakushawishika, akajitoa na kuunda chama chake cha ANC. TANU ilishinda, na miaka miwili baadaye ikashinda kupita kiasi: katika uchaguzi wa mwaka 1960 ilitwaa viti 70 kati ya 71, na katika majimbo 58 wagombea wake walipita bila kupingwa.

Hapo ndipo penye kiini cha swali letu. Mwananchi wa jimbo ambalo mgombea wake amepita bila kupingwa hana kura ya kupiga, na mbunge wake ameteuliwa na chama, hakuchaguliwa naye. Nyerere aliona kwamba ushindani baina ya vyama ulikuwa umekufa wenyewe, hivyo ushindani uliobaki ungeweza kufanyika ndani ya chama pekee. Mwaka 1964 iliundwa tume chini ya Rashidi Kawawa, ambayo haikuulizwa kama nchi iwe ya chama kimoja, kwa maana hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa. Iliulizwa namna ya kulifanya liwe la kidemokrasia. Katiba ya muda ya mwaka 1965 ikafuata, na Septemba mwaka huohuo Tanganyika ikapiga kura kuchagua wabunge wa majimbo 107. Zanzibar haikushiriki katika kura hiyo ya wabunge.

Utaratibu wake ulikuwa wa aina yake. Wanachama walijitokeza kuomba, mkutano wa TANU wa wilaya ukawapigia kura za maoni, na Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili kwa kila jimbo. Wawili hao walisimama jukwaa moja katika mikutano iliyoandaliwa na chama, mmoja akimaliza mwenzake anashika zamu, wote kwa Kiswahili, wakiwa wamekatazwa kutumia kabila, dini au rangi, na hakuna aliyeruhusiwa kudai kwamba yeye ndiye chaguo la Mwalimu. Kwa ajili ya wasiojua kusoma, karatasi ya kura ilikuwa na picha: mmoja jembe, mwingine nyumba. Alama zilikusudiwa zisiwe na upande, lakini mtu wa siasa hanyimwi maneno: mwenye jembe aliweza kusema kwamba bila jembe hakuna chakula, na mwenye nyumba akajibu kwamba hata mkulima hurudi kulala nyumbani.

Je, kura hizo zilikuwa na meno? Zilikuwa nayo, tena makali. Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mtu mzito wa ushirika wa pamba, aliangushwa Mwanza mwaka 1965, pamoja na wabunge wengine waliokuwa wakitetea viti vyao. Hata hivyo, Bunge lilikuwa pia na viti visivyojazwa na wapiga kura wa majimbo, na Bomani hakukawia kurudi katika Baraza la Mawaziri. Kwa maoni yangu, mfano huo mmoja unaeleza mfumo mzima kuliko hotuba nyingi.

Wananchi waliweza kubadilisha watu, si sera. Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikupigiwa kura jimboni, na mwaka 1968, wabunge kadhaa walipofukuzwa TANU kwa kudaiwa kwenda kinyume na chama, akiwamo Joseph Kasella-Bantu wa Nzega, walipoteza ubunge pamoja na kadi zao, ingawa waliowachagua hawakuulizwa. Kwa urais, mgombea alikuwa mmoja, na chaguo lilikuwa ndiyo au hapana.

Uchaguzi wa aina hiyo ulirudiwa kila baada ya miaka mitano, TANU na ASP, chama kilichotawala Zanzibar, zikaungana kuwa CCM mwaka 1977, na wa mwisho ukafanyika mwaka 1990, miaka miwili kabla ya sheria kuruhusu vyama vingi. Utaratibu wenyewe haukuzikwa wote: katika kura za maoni za CCM, watia nia bado hupelekwa pamoja kujinadi mbele ya wanachama, na neno la mwisho juu ya nani asimame bado ni la vikao vya juu.