Kuku mzima kwa bia: yanayosemwa jikoni Lubumbashi na ukweli wake

"Bia ikishachemka, kilevi chote kimeisha." Mama wengi hapa Lubumbashi husema hivyo huku wakimimina bia ya Simba sufuriani, na neno hili linanisumbua kuliko mengine yote, maana chakula hicho hicho kitaliwa na watoto. Kilevi huchemka mapema kuliko maji, kwenye nyuzi 78 hivi, lakini kikishachanganyika na maji hakitoki chote. Kwa hesabu za Wizara ya Kilimo ya Marekani, chakula kilichotokota dakika 30 hubaki na asilimia 35 hivi ya kilevi kilichotiwa. Saa 1, asilimia 25. Saa 2 na nusu, bado asilimia 5. Ukikaza mfuniko, hutoka polepole zaidi. Kinachobaki hakimleweshi mtu mzima, lakini asiyekunywa kwa sababu ya dini, mimba au dawa ana haki ya kuambiwa kabla hajakata tonge la bukari (ugali). Watoto wapikiwe sufuria yao.

Lingine: eti bia ndiyo hulainisha kuku wa kienyeji. Hata umlaze ndani ya bia usiku kucha, haizami mbali; chumvi ndiyo hupenya nyama. Jogoo mgumu hulainishwa na moto mdogo wa muda mrefu. Punguza makala (makaa) kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, mpaka mchuzi uwe unatoa povu mojamoja, funika, kisha vumilia. Kuku wa kisasa usimfanyie hivyo, atakatikakatika. Kazi ya bia ni ladha, na hapo kweli inapendeza: utamu wa kimea na uchungu kidogo. Mchuzi ukikauka uchungu huzidi, kwa hiyo nusu chupa na vitunguu vingi vinatosha. Bia ya Tembo, kwa weusi wake, hutoa mchuzi mzito wa ladha ya kuchomwa.

Wengine wameona kuku amekalishwa juu ya kopo la bia, wakaamini mvuke humlowesha kwa ndani. Nyama hulikinga kopo na moto, bia haipati hata kuchemka vizuri. Ngozi hukauka vizuri kwa sababu kuku amesimama, basi. Na tafadhali, usijaribu kwa chupa ya kioo: hupasuka.

Bia haiui vijidudu pia. Huuawa na joto la nyuzi 74 ndani ya nyama. Kama huna kipimajoto, kata pale paja linapoungana na mwili, na ukiona bado pabichi, mrudishe motoni. Bia uliyomlazia kuku mbichi ichemshe kwanza kabla ya kuifanya mchuzi.